Opereta na Zile Siku Tatu

Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, tulimpoteza Opereta. Nilikuwa kazini, nimesimama mbele ya skrini ya ukutani, na mistari yake ilikuwa inapanda na kushuka kama siku zote. Simu ilipoita nilijua, kwa sababu mpwa wake hakuwahi kunipigia asubuhi. Tulimzika alasiri ile ile. Jumatano nilirudi ofisini nikashindwa kukaa. Mpaka leo nikikaa dakika kumi nainuka, natembea kutoka dirisha la kwanza hadi la tatu, kisha narudi. Wenzangu wanasema nimemrithi. Lakini yeye alitembea kutafuta kosa, na mimi kosa nalijua.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sitaeleza. Sijui vizuri, na wanaojua wapo. Nitasema niliyoyaona.

Ofisi yetu iko Kariakoo, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitenge. Kazi yetu ni mizigo. Mfanyabiashara wa mkoani ananunua bidhaa zake, hana muda wa kungoja gari, anatuachia sisi. Tunaupa mzigo namba, tunaingiza mji unakokwenda, lori linaupeleka, na mwenyewe anapata ujumbe kwenye simu. Kuna madirisha matatu ya kupokelea wateja, kila moja na kompyuta yake, na nyuma kuna chumba kidogo cha baridi ambamo seva, kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu zote, inakaa. Madirishani hatukuitana majina. Mimi ni Dirisha la Pili. Nimeishia kidato cha nne, na hesabu nilifeli.

Yeye alikuwa msimamizi wa mitambo. Aliitwa Opereta kwa sababu ujana wake aliumaliza kwenye ubao wa simu wa ofisi moja ya serikali, enzi ambazo mtu alichomeka waya kwa mkono ili chumba hiki kizungumze na chumba kile. Kompyuta alijifunza ukubwani, na ndiyo maana kila kitu cha kompyuta alikieleza kwa waya.

Kutoka kwenye ubao ule alikuja na sheria moja, na kila mfanyakazi mpya aliambiwa siku ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa choo.

"Hapa unasikia, husikilizi. Ukishajua wawili wamepatana kwenye waya, unatoa sikio lako."

Alimaanisha hivyo hasa. Seva yetu ilijua nani anapeleka nini wapi, na Kariakoo hiyo ni habari inayotafutwa. Siku moja mfanyabiashara mmoja wa chini, mtu mkubwa na mwenye heshima zake, alipanda ngazi zote mpaka juu akamwegemea mezani.

"Bi Opereta, nichungulilie kidogo tu. Yule jirani yangu anapeleka nini Mwanza?"

"Unaumwa macho?"

"Hapana."

"Basi chungulia mwenyewe. Panda lori, nenda Mwanza."

Yule mtu alicheka, akashuka. Opereta hakucheka. Alinigeukia akasema, "Na wewe uliyesikia, hukusikia."

Hakuwa mtu wa kukaa. Kiti chake kilikuwa kipya miaka yote. Alivaa mtandio na viatu vya mpira visivyotoa sauti, na daftari lenye jalada jeusi likiwa kwapani alizunguka toka mashine hadi mashine akisoma logi. Logi ni maandishi ya mashine yenyewe. Kila kompyuta ina tabia ya kuandika inachofanya: umefungua, inaandika, umepokea mzigo, inaandika saa, jina la aliyeingia, na alichobonyeza. Siku njema hakuna anayeisoma. Siku mbaya ndiyo inatafutwa, na kwetu siku mbaya ilimaanisha Opereta kupiga magoti chini ya meza ya mtu na kusoma mistari elfu mbili huku mteja akigonga kioo, na huko barabarani wasukuma mikokoteni wakipiga kelele watu wasogee.

Tajiri wetu alichoka. Alileta wataalamu wawili wa kampuni fulani waweke mambo mawili: ghala la kukusanyia logi za mashine zote mahali pamoja, na dashibodi, yaani ile skrini ya ukutani, ili logi zisomwe pale kwa macho bila mtu kupiga magoti. Asubuhi waliweka ghala, likajaa vizuri. Mchana waliweka dashibodi. Kisha wakaiunganisha na ghala, na skrini ikaandika: Hakuna data. Wakazima, wakawasha. Hakuna data. Wakasema ni mtandao. Wakanywa soda. Hakuna data.

Saa kumi jioni Opereta akavuta kiti akakaa, na sote tuliacha tulichokuwa tunafanya.

"Wanangu, hii dashibodi mmeiambia logi ziko wapi?"

"Hapa hapa, mama. Kwenye mashine."

"Hapa hapa ya nani?"

Mmoja akanyoosha kidole kwenye mashine.

"Dashibodi inaishi kwenye kisanduku chake," alisema. "Ghala liko kwenye kisanduku kingine. Mkiiambia 'hapa hapa', inatafuta kwake. Ukiniambia mimi chumvi iko hapa hapa, nitaitafuta jikoni kwangu mpaka Idi. Itajieni nyumba, halafu mtaje mlango."

Waliandika anwani ya ghala. Bado. Nyumba ilikuwa sahihi lakini namba ya mlango ilikuwa ya mtambo mwingine. Wakairekebisha, na mistari ikaanza kushuka kwenye skrini kama siafu. Tajiri akapiga makofi. Mmoja wa wataalamu akasema, "Mama, wewe ni noma."

Opereta alikuwa ameshasimama. "Simu imeita," alisema. "Bado hatujajua kama kuna mtu."

Na kweli palikuwa na jambo. Seva yetu ilihesabu saa zake za huko inakojua yenyewe, nyuma yetu kwa saa tatu. Ikiandika saa nne asubuhi, hapa Kariakoo ni saa saba mchana. Wataalamu waliahidi kurudi kulirekebisha, hawakurudi. Opereta alichukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene ONGEZA SAA TATU, akaibandika chini ya skrini. Nawaomba muikumbuke karatasi ile.

Mimi alinichukua kwa sababu ya swali. Siku moja skrini ilikuwa ya kijani yote, tajiri akapita akasema leo safi, hakuna kosa hata moja. Nikauliza, bila kujua kama ni ujinga, mbona mstari wa dirisha la tatu umelala kama barabara. Opereta aligeuka akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake sokoni. Tulikwenda dirisha la tatu. Mwenzetu alikuwa ameichomoa waya kompyuta ili achemshe maji ya chai, na hapo alikuwa anapokea wateja kwa kuandika kwenye karatasi.

"Tajiri," Opereta aliita, "hakuna kosa, au hakuna habari?"

Tangu hapo kila alasiri alinikalisha mbele ya skrini akanifundisha kuuliza. Alikuwa mwalimu mbaya. Hakuwa na subira, alinipiga kofi mkononi nikigusa kitu asichosema, na sifa kutoka kwake nilipata mara moja tu, nayo ilikuwa "Mh." Lakini alichofundisha hakitoki. Kwanza taja nyumba, yaani dirisha lipi. Halafu taja neno unalolitafuta. Halafu taja saa, toka lini mpaka lini. Asiyetaja saa, alisema, ataletewa Kariakoo yote na mbuzi wake. Na ukiletewa utupu usikimbilie kufurahi. Utupu nao ni jibu, urudi utazame uliuliza nini.

Kwa watu wengine alikuwa na sura nyingine, na nikimsifu tu nitakuwa namsingizia. Alipenda ukweli, lakini umri wake aliutaja tofauti kila mwaka, na ulikuwa unapungua. Watu aliwahimiza wawahi kazini, naye akifika saa tatu na nusu na mfuko wa kashata, akisema foleni, wakati alikuwa anatembea kwa miguu toka Mchikichini. Aliogopa lifti. Na kulikuwa na siku ambazo mchana tajiri alitufanyisha kazi bila kula, basi skrini zote ziliganda kwa dakika ishirini. Opereta alitoka chumba cha seva akitikisa kichwa. "Mfumo unapumzika," alisema. Sisi tulikula. Nilikuja kuona kwenye logi ni nani aliyekuwa akiupumzisha. Nilipomwambia nimeona, alisema, "Umeona. Hukutazama."

Sasa nifike kwenye ile desturi. Kariakoo nzima inaishi kwa neno moja, nishikie. Mwenye duka anataka kwenda kuswali, anataka maji, anataka kumwona mgonjwa, anamwambia jirani, "Nishikie," na jirani anauza bidhaa za mwenzake kwa uaminifu mpaka arudi. Hakuna anayekataa, na hakuna anayeuliza unakwenda wapi. Sisi tuliipandisha desturi ile mpaka ghorofa ya tatu. Dirisha la Kwanza alikuwa mwanamume wa makamo yangu, mcheshi, mwenye kofia nyeupe iliyokaa kwenye msumari juu ya kichwa chake. Kila Ijumaa kwenye saa sita na nusu aliitungua ile kofia.

"Dirisha la Pili, nishikie."

"Nimeshika. Utuombee na sisi."

"Wewe nakuombea upate mume asiyekoroma."

Nilihamia kiti chake, kwa kuwa wateja wake wa Tanga walizoea kupanga foleni pale. Kompyuta yake ilikuwa wazi kwa jina lake. Haikutupitia akilini kufunga na kufungua kwa jina langu. Ni kama umeshikiwa duka halafu mwenzako abadilishe kibao cha nje.

Ijumaa moja palikuwa na watu wengi. Mama mmoja alileta boksi la nguo za harusi, gauni, mitandio na vitenge vya sare, kwenda Tabora. Harusi ilikuwa Jumapili ya wiki ile. Mashine zetu hupanga miji kwa mazoea, mji unaoutumia zaidi unakaa juu. Kwangu mji wa juu ulikuwa Tabora. Kwa Dirisha la Kwanza ulikuwa Tanga. Mkono wangu ulikwenda juu, kama ulivyozoea, ukabonyeza.

Sikujua. Hilo ni kweli na nitalisema popote. Ijumaa ile sikujua.

Jumatano yule mama alipiga simu. Hakugomba. Alimwambia tajiri tu, "Mwanangu ameolewa akiwa amevaa gauni la jirani." Boksi lilikuwa Tanga. Tajiri alikwenda kwenye mashine ya chumbani kwake, akatafuta namba ya mzigo, akachapa ule mstari mmoja kwenye karatasi. Ulisema dirisha la kwanza, jina la mwenzetu, mji Tanga, saa nne na dakika sita. Chini ya mashine ya chumbani kwake hapakuwa na karatasi ya Opereta.

Akamwita Dirisha la Kwanza. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia.

"Saa nne asubuhi ya Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Kitini kwangu, tajiri."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Huu mzigo nani kaupeleka Tanga?"

Alikuwa mtu mkweli, na ukweli huo ndio uliomponza. "Siukumbuki, tajiri. Lakini kama saa nne, basi ni mimi."

Aliambiwa akae nyumbani mpaka aitwe, na kwetu wanaoambiwa hivyo hawaitwi. Alipita mbele yangu, akasahau kofia kwenye msumari.

Opereta aliiokota ile karatasi ya mstari mmoja mezani kwa tajiri. Aliisoma akiwa anatembea. Akaja kwangu.

"Dirisha la Pili. Kaa. Uliza."

Nikauliza kama alivyonifundisha. Dirisha la kwanza, siku ya Ijumaa, namba ya mzigo. Mstari ukatokea, saa nne na dakika sita. Macho yangu yakashuka yenyewe mpaka kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya skrini. Saa saba na dakika sita. Saa saba na dakika sita Dirisha la Kwanza alikuwa msikitini.

"Sasa uliza dirisha la pili," alisema. "Saa hizo hizo."

Nikauliza. Tangu saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu, dirisha langu, ambalo siku ya Ijumaa halipumui, halikuwa na mstari hata mmoja. Hakuna data. Dirisha la Tatu wiki ile alikuwa likizo ya uzazi. Madirishani alibaki mtu mmoja tu, na kwake palikuwa kimya.

Opereta alisimama nyuma yangu. Sikugeuka. Kisha akasema, "Nakwenda kutawadha," akaondoka kwa vile viatu visivyotoa sauti.

Nilifuta swali kwenye skrini.

Hapa ndipo nashindwa kukaa. Nimejaribu kuandika sehemu hii mara tatu, na kila mara nainuka. Nilikuwa na sababu zangu. Nilikuwa na mtoto shuleni na kazi moja tu. Nilijiambia tajiri atamwita tu, hasira zitaisha. Nilijiambia labda Opereta hakuelewa alichokiona, labda aliniuliza kunifundisha tu. Alhamisi ikapita. Opereta aliniletea kahawa, ile chungu ya kikombe kidogo, akaiweka mezani, akasimama kidogo, akaenda zake. Ijumaa ikafika, saa sita na nusu, na hakuna aliyeitungua kofia. Aliniletea kahawa tena. Akasimama kidogo. Akaenda zake. Nikainywa.

Jumamosi asubuhi nilimfuata tajiri kabla hajafungua mkoba.

"Ni mimi," nilisema. "Alikwenda kuswali. Nilimshikia."

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo. "Jumatano."

Tajiri aliuweka mkoba mezani. "Mnashikiana kama samaki na ndoano," alisema. "Toka hapa. Kafanye kazi." Hakunifukuza. Nimewahi kutamani angenifukuza.

Dirisha la Kwanza aliitwa, akaja Jumatatu. Tajiri alimwomba radhi mbele yetu, nampa haki yake. Dirisha la Kwanza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anashukuru, ila harudi.

"Mtaani kwetu walishaambiana nimeiba mzigo wa harusi," alisema. "Mama yangu siku tatu hakutoka nje. Palikuwa na msiba nyumba ya pili, hakwenda."

Akatungua kofia yake. Alipopita kwangu alisimama.

"Mambo, Dirisha la Pili."

"Poa."

"Kubonyeza vibaya kila mtu anabonyeza," alisema. Nilingoja amalizie. Hakumalizia, akashuka ngazi.

Wiki ile ile Opereta aliwatafuta wale wataalamu kwa simu mpaka wakaja. Akawaagiza waongeze kitu kimoja kwenye kila mstari wa logi. Pamoja na jina pawepo na mkono. Ukimshikia mwenzako, mashine inakuuliza mkono wa nani, na haiendelei mpaka useme. "Jina ni la kiti," aliwaambia. "Mkono ni wa mtu." Wakasema hawajawahi kuona mfumo wa namna hiyo. Akawaambia wao hawajawahi kukaa Kariakoo.

Kuhusu zile siku tatu hakunitamkia neno, wala siku ile wala miaka iliyofuata. Aliendelea kunifundisha, akaendelea kunipiga kofi mkononi. Alipostaafu alinikabidhi ufunguo wa chumba cha seva bila hotuba. Daftari jeusi aliondoka nalo. Nilikuwa na swali moja la kumwuliza, kama Jumatano ile alielewa au hakuelewa, na sikuliuliza kwa sababu niliogopa majibu yote mawili. Dirisha la Kwanza nilisikia anauza viatu vya mitumba Mchikichini. Nilikwenda mara moja. Nilimwona kwa mbali anamvalisha mteja kiatu, ile kofia ikiwa kichwani. Nikarudi.

Wiki mbili kabla ya kifo chake, siku ya Jumapili, mpwa wake alinipigia kuwa Opereta ananihitaji. Alikuwa Upanga, kwenye fleti ya huyo mpwa, ghorofa ya pili. Mwanamke ambaye hakuwahi kukaa alikuwa amelala kwenye kochi, mto mgongoni, miguu imevimba. Mpwa alinikaribisha, akashuka dukani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umemwachia nani skrini?"

"Leo Jumapili."

"Seva haijui Jumapili." Akanipa simu yake. "Mikono inatetemeka, na macho ndiyo hayo. Niandikie ujumbe. Kwa Dirisha la Kwanza."

Nilidhani nimesikia vibaya. Alinitajia jina alilohifadhia namba ile. Nikafungua, akaanza kusema polepole, akingoja vidole vyangu.

"Asalaam alaykum mwanangu. Ni Opereta. Ule mzigo wa Tabora nilijua Jumatano ile ile, hujafika hata nyumbani. Nilinyamaza mpaka Jumamosi nikimngoja mwenzako aseme mwenyewe."

Vidole vyangu vilisimama.

"Andika," alisema.

"Ulijua."

"Niliongeza saa tatu. Nani asingejua?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, karatasi ndiyo ingekufukuza. Nilitaka useme kwa mdomo wako mwenyewe. Nilikuwa nakuletea kahawa, nangoja." Alipumua. "Nikapata nilichokitaka. Andika. Nilidhani namfundisha yeye. Siku zile tatu zilikuwa zako na za mama yako. Sikuwa na ruhusa ya kuzitumia. Nisamehe."

Niliandika yote. Maneno yake niliyaandika kama alivyoyasema, sikupunguza.

"Sasa weka mkono," alisema.

Nikaandika chini, "Mkono: Dirisha la Pili." Nilikaa kidogo nikitazama nafasi iliyobaki, kisha nikaongeza, "Na mimi nisamehe. Nilijua Jumatano."

"Soma."

Nilimsomea toka mwanzo mpaka mwisho.

"Hayo ya mwisho mimi sikuyasema."

"Ni ya mkono."

Akafumba macho. "Mh," alisema. "Peleka."

Nikapeleka. Tulikaa. Alinitaka nimweleze habari za ofisi, nikamweleza kuwa wateja wameongezeka, kuwa karatasi ya ONGEZA SAA TATU bado iko pale ingawa saa ilishasahihishwa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuibandua. Alisinzia, akaamka. Simu ilikuwa kwenye goti langu na kila mara nilikuwa naigeuza. Adhana ya alasiri ilipita. Nikainuka nikaenda dirishani, nikarudi, nikainuka tena.

"Kaa," alisema, "unanichosha."

Simu ikaita ikiwa mkononi mwangu. Jina lilikuwa la Dirisha la Kwanza. Nilipokea, nikamwekea Opereta sikioni, nikaishikilia pale mpaka kiganja chake kilipopanda na kuishika. Nilisikia sauti ya mwanamume ikisema, "Shikamoo, Bi Opereta," na kelele za soko nyuma yake. Opereta akajibu, "Marahaba, mwanangu."

Nikatoa mkono wangu. Nikatoka kwenye baraza ya fleti nikafunga mlango, nikasimama nikitazama bajaji zinazogeuza pale chini, mpaka Opereta aliponiita ndani.